Maji na Nanoselulosi: Hoja kwa Kilosa na Mikumi

Nimeombwa nizungumzie nanoselulosi na nafasi yake katika wilaya hii ya Kilosa. Nitafanya hivyo, lakini naomba ruhusa ya kuanzia pale ambapo wanaoisifu teknolojia hii huwa wanamalizia, tena kwa haraka. Nitaanzia kwenye maji.

Kusudi langu ni kutetea dai moja. Anayetaka kutengeneza kitu cha maana kwa nanoselulosi ya mkonge au ya miwa hana budi kupanga maji kwanza, ndipo apange mashine, soko na mtaji. Maji ndiyo yanayoamua kama rojo ya nanoselulosi itapita kwenye bomba au itagoma. Maji ndiyo yanayoamua, wakati yanapoondoka, kama nyuzi zitabaki nyuzi au zitagandana kuwa donge lisilofunguka tena. Na bidhaa ikishakauka, mvuke wa maji uliomo hewani ndio unaoamua itabaki ngumu au italegea. Nitalipanga dai hili katika hoja tano, nikijibu pingamizi nilizozisoma na zile ninazozitarajia kutoka kwenu.

Kabla ya hoja, tutazame mali iliyopo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliyeagiza vipando 1,000 kutoka Florida. Vilivyosalimika hadi kupandwa Tanga vilikuwa 62 tu. Kutoka pwani zao likafuata reli, na bonde la mto Mkondoa likawa miongoni mwa maeneo yake. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kabla ya kamba za plastiki kulipokonya soko. Kila aliyefanya kazi korona, yaani kiwanda cha kusindika majani ya mkonge, anaijua hesabu ya zao hili: katika tani moja ya majani mabichi, singa kavu ni takriban asilimia 4. Yaliyobaki ni maji, nyama ya jani na singa fupi zinazotoka pamoja na mabaki. Upande wa kusini, chini ya Mikumi, kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha Ruembe cha Kampuni ya Sukari Kilombero. Huko tani moja ya miwa ikikamuliwa huacha kilo 250 hadi 300 za makapi, yale yaitwayo bagasi, na karibu nusu ya uzito wake ni maji. Singa kavu ya mkonge ni selulosi kwa takriban theluthi mbili; bagasi kavu ni selulosi kwa asilimia 40 hadi 50. Wilaya hii, kwa hiyo, haina upungufu wa selulosi. Swali ni namna ya kuitumia.

Selulosi ilitambuliwa na Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Ni mnyororo mrefu wa glukosi, na mmea huipanga minyororo hiyo sambamba, mingi kwa pamoja, ikawa uzi wenye upana wa nanomita 3 hadi 5 na urefu unaoweza kufikia maelfu ya nanomita. Wanafunzi wakumbuke kuwa milimita moja ina nanomita milioni moja. Nyuzi hizo zikigandishwa pamoja na gundi za mmea, yaani hemiselulosi na lignini, ndipo hupatikana singa unayoweza kuishika mkononi. Nanoselulosi ni selulosi iliyotenganishwa tena mpaka kufikia uzi ule mdogo au fungu dogo la nyuzi hizo. Bengt Rånby wa Uswidi alionyesha karibu na mwaka 1950 kwamba asidi huacha vijiti vifupi vya fuwele. Albin Turbak na wenzake huko Marekani wakachapisha mwaka 1983 njia ya kupitisha massa ya karatasi kwenye tundu jembamba kwa shinikizo kubwa mpaka yafumuke. Mwaka 2008 watafiti wa Argentina walichapisha jinsi walivyotoa nanoselulosi kwenye singa za mkonge. Uwezekano wa kuipata umekwisha kuthibitishwa. Ubishi wetu leo uko kwenye tabia yake.

HOJA YA KWANZA: Maji hayaingii ndani ya fuwele, hukaa kwenye maungio

Ugumu wa fuwele ya selulosi kwa urefu wake ni takriban gigapaskali 138. Chuma kina kama gigapaskali 200, lakini chuma kina uzito mara tano hivi ya selulosi kwa ujazo uleule. Takwimu hii husomwa katika kila makala ya kuisifu nanoselulosi, na ni ya kweli. Jambo lisilosemwa ni kwamba hakuna anayetengeneza kitu kwa uzi mmoja. Karatasi, utando, ubao au kamba hujengwa kwa mabilioni ya nyuzi zilizoshikana, na kitu hicho hakiwezi kuwa imara kuliko mashikano yake. Tukiuliza nguvu ya bidhaa inatoka wapi, jibu liko kwenye nyuso za nyuzi pale zinapogusana.

Sasa tazameni maji yanafanya nini. Ndani ya fuwele minyororo imebanana kiasi kwamba molekuli ya maji haipati pa kupita, kwa hiyo uzi uliolowa na uzi mkavu karibu hazitofautiani kwa ndani. Juu ya uso hali ni nyingine. Uso umejaa vikundi vya haidroksili, na vikundi hivi hushika chochote kinachoweza kufunga navyo kifungo cha haidrojeni. Uzi wa jirani ukiwa karibu, hushikana nao. Molekuli ya maji ikijipenyeza katikati, hushikana na maji, na nyuzi mbili zilizokuwa zimeshikana sasa zinatenganishwa na utando mwembamba unaoteleza. Mtaalamu wa kemia atanikumbusha kuwa si selulosi yote iliyo fuwele, na kwamba hemiselulosi iliyobaki hunywa maji zaidi ya selulosi yenyewe. Ni kweli, na pingamizi hilo linaiongezea hoja yangu nguvu, kwa sababu sehemu hizo zisizo na mpangilio nazo ziko kwenye maungio.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo naomba tulibebe katika hoja zote zinazokuja. Nguvu ya nanoselulosi na udhaifu wake vina chanzo kimoja. Haidroksili zinazofanya karatasi ishikane bila gundi ndizo zinazoifanya ilegee ikinyeshewa. Anayeziondoa zote ili kuzuia maji ameondoa na mshikano. Anayezitaka zote ameyakaribisha maji. Kazi ya mhandisi ni kuamua maji yakae wapi, kiasi gani, na katika hatua ipi.

HOJA YA PILI: Katika hali ya umajimaji, maji ndiyo mashine yenyewe

Nanoselulosi huzaliwa majini. Inapotoka kwenye mashine ya kufumua huwa na asilimia 1 au 2 tu ya selulosi, na asilimia 98 au 99 ni maji. Mtu angetarajia kuiona ikitiririka kama maji ya kunywa, lakini ukigeuza chombo haimwagiki. Sababu ni kwamba nyuzi ni nyembamba mno na ndefu mno kwa upana wake, hivyo uzito mdogo wa selulosi unatoa nyuzi za kutosha kuenea chombo kizima, kukutana na kusokotana kuwa wavu. Maji hunaswa kwenye matundu ya wavu huo. Ukiongeza selulosi mara mbili, ugumu wa rojo huongezeka takriban mara nne hadi nane. Kwa hiyo kosa dogo la kupima maji kiwandani huleta tofauti kubwa kwenye bomba.

Rojo hii ina tabia ambayo waliowahi kukandika nyumba wanaijua kwenye udongo: ukiubandika ukutani unatulia, ukiusukuma kwa kiganja unatembea, ukiuacha unatulia tena. Nanoselulosi ina kizingiti. Chini ya msukumo fulani hukaa kama kitu kigumu. Juu yake wavu hukatika na mnato hushuka haraka kadiri unavyosukuma kwa kasi. Msukumo ukikoma, wavu hujijenga upya, na huchukua muda kufanya hivyo. Matokeo yake pampu inayoanza kazi asubuhi, rojo ikiwa imelala usiku kucha, hukutana na mzigo tofauti na ule iliyouacha jioni. Wenzangu wa maabara, hapa nawageukia ninyi kidogo: kipimo cha mnato kisichosema rojo ilikorogwa vipi, ilipumzishwa kwa muda gani, na kama iliteleza kwenye ukuta wa chombo, hakiwezi kulinganishwa na kipimo cha mwingine. Kwenye ukuta laini hujengeka tabaka la maji lenye nyuzi chache, rojo yote ikateleza juu yake, na mpimaji akadhani ameupima mnato kumbe amepima utelezi.

Halafu kuna swali la maji gani. Akira Isogai na Tsuguyuki Saito wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha mwaka 2006 kwamba ukiitibu selulosi kwa kichocheo kiitwacho TEMPO, uso wa nyuzi hupata chaji hasi, nyuzi zikasukumana, na kazi ya kuzifumua ikawa nyepesi mno. Lakini kusukumana huko kunategemea usafi wa maji. Chumvi ikiingia, chaji hufunikwa, nyuzi husogeleana, rojo huwa nzito ghafla au hujikusanya vidonge na kuyatema maji. Kalsiamu hufanya hivyo kwa nguvu zaidi kuliko sodiamu. Wakazi wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jinsi maji ya Mkondoa yanavyobadilika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja tuta na kuharibu reli. Mto unaobeba tope la masika na kupungua kiangazi haubebi madini yaleyale mwaka mzima. Kiwanda kitakachochota maji mtoni bila kuyapima na kuyasafisha kitapata rojo moja Aprili na nyingine Septemba, kisha kitailaumu mashine.

Mtiririko wenyewe unaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm walionyesha kuwa mkondo wa nanoselulosi ukibanwa pande zote na mikondo mingine, nyuzi hujipanga sambamba na mwendo wa maji, na zikigandishwa kabla hazijasahau mpangilio huo hutoa uzi imara. Mwaka 2018 kundi hilo lilichapisha uzi wenye ugumu wa gigapaskali 86 na nguvu ya mvutano ya gigapaskali 1.57. Selulosi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jinsi maji yalivyoongozwa.

HOJA YA TATU: Njia ya kuondoa maji ni sehemu ya bidhaa

Maji yanapokauka hayaondoki kwa utulivu. Kila tone dogo lililobaki kati ya nyuzi mbili huzivuta zikaribiane, na matundu yakiwa madogo mvuto huwa mkubwa. Nyuzi hugusana, haidroksili hufungana na haidroksili, na maeneo mengine hushikana moja kwa moja. Ukirudisha maji, sehemu ya maungio hayo haifunguki. Mjerumani Georg Jayme aliieleza hali hii kwenye massa ya karatasi mwaka 1944. Ndiyo sababu karatasi iliyorejelewa hutoa karatasi dhaifu kuliko ya mwanzo, na ndiyo sababu unga mkavu wa nanoselulosi ukitiwa majini mara nyingi hukataa kurudi kuwa rojo.

Mkulima wa mkonge wa Kimamba ana haki ya kuuliza: singa zetu zimeanikwa juani tangu enzi za Mjerumani, je, tumekuwa tukiziharibu? Jibu ni hapana, na sababu yake ina faida. Katika singa mbichi hemiselulosi na lignini zimekaa katikati ya nyuzi na kuzizuia zisigusane. Watafiti wa Kyoto, Iwamoto, Abe na Yano, walionyesha mwaka 2008 kwamba massa yenye hemiselulosi nyingi yaliyowahi kukaushwa bado hufumuka vizuri, lakini yale yaliyoondolewa hemiselulosi kisha yakakaushwa hugoma. Kanuni inayopatikana ni rahisi kuikumbuka: kausha kabla ya kupika, yaani kabla ya kuondoa lignini na hemiselulosi, usikaushe baada ya kupika. Singa za robota zinaweza kungojea ghalani. Massa yaliyokwisha kuondolewa lignini yasiguswe na jua mpaka yafumuliwe. Na zile singa fupi za korona, pamoja na bagasi iliyotoka kwenye mashine ya kukamua ikiwa nusu maji, zisidharauliwe kwa sababu ya ubichi wake. Kwa kazi hii ubichi si kasoro.

Hapa pana pingamizi zito la kibiashara. Rojo ya asilimia 2 ina maana kwamba kila tani moja ya selulosi inasafiri na tani 49 za maji. Hakuna anayeweza kulipia lori la kupeleka maji Dar es Salaam. Nakubali. Lakini tusikimbilie kukausha. Tukiikamua rojo mpaka asilimia 25, tani moja ya selulosi itasafiri na tani 3 za maji, na nyuzi nyingi zitakuwa bado zimetenganishwa na tabaka la maji lililobaki. Kukausha kwa kugandisha kuwa barafu huokoa umbo la nyuzi, ila gharama yake inafaa dawa na vifaa vya hospitali kuliko vifaa vya ujenzi. Suluhisho la msingi ni la kijiografia: nanoselulosi itengenezwe karibu na anayeitumia ikiwa mbichi. Hoja hii huigeuza Kilosa, iliyo kwenye reli ya kati, na Mikumi, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, kuwa mahali pa kutengenezea, badala ya kuwa mahali pa kukusanyia malighafi tu. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kiko kwenye mwelekeo huohuo wa barabara.

HOJA YA NNE: Bidhaa kavu haijaachana na maji

Tuseme tumefanikiwa, tumepata utando mkavu, mwembamba, unaopitisha mwanga. Mwaka 2008 Marielle Henriksson na wenzake wa Stockholm waliripoti utando wenye nguvu ya mvutano ya megapaskali 214 na ugumu wa gigapaskali 13.2, unaoweza kuvutika kwa asilimia 10 kabla ya kukatika. Plastiki nyingi za kawaida hazifikii hapo. Lakini vipimo vya namna hii hufanywa katika chumba chenye unyevu wa asilimia 50. Hewa ikiwa na unyevu zaidi, utando hunywa mvuke, maungio hulegea, na ugumu hushuka. Ukizamishwa majini ugumu wake huanguka kwa zaidi ya mara kumi. Kuzuia oksijeni nako hufuata njia hiyohiyo. Utando mkavu ni kizuizi kizuri ajabu cha oksijeni, ila unyevu ukivuka asilimia 70 hivi, matundu hufunguka na sifa hiyo hupotea kwa haraka.

Msinielewe kwamba maji kidogo ni balaa. Utando uliokaushwa kabisa ni mgumu lakini hupasuka upesi, kwa kuwa nyuzi zake haziwezi kuteleza hata kidogo pale mkazo unapozidi. Molekuli chache za maji kwenye maungio huruhusu utelezi, na utelezi huo hutawanya mkazo usijikusanye kwenye ufa mmoja. Maji hapa ni kilainishi. Yakiwa kiasi, hununua uvumilivu kwa bei ndogo ya ugumu. Yakizidi, hula ugumu wote bila kurudisha kitu. Vivyo hivyo hemiselulosi ikikauka huhitaji joto kali ili ilainike, ila ikilowa hulainika karibu na joto la kawaida la chumba.

Mnaona basi kwa nini cheti cha maabara ya ng'ambo kisomwe kwa makini. Viwango vya kimataifa vya kupima plastiki vinazitaka maabara za nchi za baridi zitumie nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, lakini vinatambua hali ya tropiki ya nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 65. Tofauti ya asilimia 15 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa nanoselulosi ni tofauti ya bidhaa. Na hata hiyo asilimia 65 haitoshi kueleza ghala la Kilosa katikati ya masika, wala duka la Dar es Salaam lililo hatua chache kutoka baharini. Anayenunua mfuko au kifungashio cha nanoselulosi kwa takwimu za asilimia 50 amenunua ahadi iliyotolewa chini ya hali ya hewa isiyo ya kwake.

HOJA YA TANO: Maji ndiyo yapange foleni ya bidhaa

Swali la kwanza ambalo kila hadhira huuliza ni: kwa nini msiizuie tu isinywe maji? Njia zipo. Ayoni za metali zenye chaji zaidi ya moja, kama kalsiamu na alumini, huweza kufunga nyuzi zenye chaji hasi na kuongeza nguvu ya utando uliolowa. Zingatieni kwamba kalsiamu, iliyotuharibia rojo katika hoja ya pili, inatutumikia katika hoja ya tano. Kinachotofautisha ni wakati inapoingia. Karatasi ya vifuko vya chai haifumuki kwenye maji yanayochemka kwa sababu imetiwa utomvu maalumu wa kushikilia nyuzi. Na Watanzania wamelifanyia kazi jambo hili zamani. Mwaka 1991 Elifas Bisanda, pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, walichapisha utafiti juu ya kuzitibu singa za mkonge kwa kemikali iitwayo silani ili zishikane vizuri na utomvu wa epoksi, na mwaka 1992 wakachapisha sifa za singa zilizounganishwa na utomvu uliotokana na mafuta ya maganda ya korosho. Mkonge wa Kilosa na korosho za Mtwara katika ubao mmoja: hilo si wazo jipya, lilikwisha kupimwa. Hata hivyo kila kinga ina bei. Utomvu mwingi huifanya bidhaa isioze kirahisi tena, na kuoza kirahisi kulikuwa sababu ya kuikimbia plastiki.

Kwa hiyo napendekeza tusianze na bidhaa zinazopigana na maji. Foleni iwe hivi. Kwanza, matumizi ambayo nanoselulosi inabaki majini hadi mwisho wa kazi yake: kuimarisha massa ya karatasi, kuipa rangi ya ukuta uzito usiochuruzika, kushikilia maji kwenye zege na plasta zisikauke kabla ya kukomaa. Hapa rojo haihitaji kukaushwa kabla ya kuuzwa, na dozi zake ni ndogo, mara nyingi chini ya asilimia chache. Hata huku si shwari tupu. Massa yaliyotiwa nanoselulosi huchelewa kuchuja maji kwenye wavu wa mashine ya karatasi, na mwenye kiwanda atataka kujua mashine yake itapungua kasi kiasi gani. Pili, matumizi makavu yaliyofichwa, ambapo selulosi imezungukwa na utomvu au imekaa kati ya matabaka mawili yasiyopitisha mvuke. Tatu, na mwisho kabisa, matumizi makavu yaliyo wazi kwa hewa, kama mifuko na vifungashio. Wengi wanaosifu teknolojia hii wanaanza na hili la tatu kwa sababu linavutia macho. Nadhani wanaanzia penye mlima mkali zaidi.

Zimebaki pingamizi mbili. Mosi, bagasi si takataka. Kiwandani inachomwa kwenye boila kutoa mvuke na umeme. Ni kweli, na sipendekezi kuiondoa kwenye moto. Dozi zikiwa ndogo kama nilivyosema, sehemu ndogo ya bagasi inatosha, na thamani ya tani iliyofumuliwa isipozidi thamani yake kama kuni, tuiachie boila. Pili, nishati na maji vyenyewe. Njia ya mwanzo ya kufumua kwa shinikizo peke yake iliweza kula zaidi ya kilowati-saa 20,000 kwa tani, na hiyo ni sababu moja ya uvumbuzi wa miaka ya 1980 kulala kwa muda mrefu. Kutibu massa kwanza kwa kemikali au vimeng'enya kumepunguza gharama hiyo kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Maji nayo yanayokamuliwa kutoka kwenye rojo lazima yarudi mwanzo wa mzunguko. Kiwanda kinachoyamwaga mtoni kimejiongezea gharama na kuwadhulumu walio chini ya mto, na katika bonde ambalo korona imekuwa ikitumia maji mengi tangu zamani, sidhani jamii inapaswa kuvumilia jambo hilo tena.

HITIMISHO: Kazi iliyo mbele

Ndugu Mwenyekiti, mkonge na miwa ni miongoni mwa mazao ambayo nchi imeyaita ya kimkakati. Mkakati huo utahitaji watu wanaojua tabia ya maji kuliko utakavyohitaji mashine za bei kubwa, na watu hao wanaweza kuandaliwa hapa mkoani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kina urithi mrefu wa kazi ya mkonge. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mikumi. Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji kusubiri mfadhili. Kila anayepima nguvu ya singa, karatasi au ubao aandike joto na unyevu wa hewa wa saa hiyo, pamoja na kiasi cha maji kilichomo kwenye sampuli. Kila jaribio la kiangazi lirudiwe katika masika kabla ya kutangazwa. Na maji ya Mkondoa na ya mto Ruaha yapimwe madini yake mwezi kwa mwezi, ili atakayekuja kujenga asikisie.

Mwaka mmoja wa takwimu za namna hiyo utatuwezesha kukaa na mwekezaji yeyote na kumwambia rojo yake itatiririka vipi Aprili, ubao wake utalegea kiasi gani Novemba, na ni bidhaa ipi asiijaribu. Walimu wa fizikia na kemia mliopo wanaweza kuanza muhula ujao kwa mizani, kipimajoto, kipimaunyevu na singa chache kutoka Kimamba. Wakulima mnaweza kudai kwamba mazungumzo ya bei yahusishe pia yale mabaki mabichi yanayotupwa. Na sisi wa vyuoni tunaweza kuja na majibu yaliyopimwa hapa badala ya yale ya Stockholm na Tokyo. Sasa niko tayari kwa maswali, na nitafurahi zaidi yakianza na wale ambao hawakukubaliana nami.